Hodi ya Tatu

Nyumba hii aliijenga mtu aliyeyajua macho.
Mlango wa nje hautazamani na wa ndani;
ukifika tekani huna budi kupinda,
ukutane kwanza na ukuta, mweupe, usiosema kitu.
Juu ya kichochoro chetu cha Mkomani kuna wikio
lililolala kati ya nyumba mbili.
Bibi yake mume wangu alipita humo kwenda kwa dadake
miaka arobaini, na mtaa
haukuwahi kujua rangi ya viatu vyake.

Nami usiku wa Jumanne, watoto wamelala,
nyuma ya kuta za matumbawe unene wa dhiraa
niliandika kwa kidole kimoja:
uvimbe chini ya kwapa, hauumi.
Nikafuta. Nikaandika tena.
Simu ikaniuliza, kwa adabu ya muuza vitambaa,
kama navikubali vidakuzi.
Nikabonyeza nakubali. Nani husoma?
Nilikuwa na haraka ya hofu.

Kidaka nakijua: ndicho hiki ukutani,
kina chetezo na sahani ya kichina yenye ufa.
Daka nalijua, hapo ndipo akomeapo mgeni.
Kidakuzi sikukijua.
Hakikukaa dakani. Kilipita moja kwa moja,
kikachukua saa niliyoandika, mtaa nilioandikia,
mara ngapi nilirudi palepale,
kikatoka kimevaa ndara zangu.

Alhamisi Ghalia akaja, anataka mapishi ya mkate wa sinia.
Nikampa simu. Hamira haijachanganywa na maji,
tangazo likachomoza: koti jeupe, kliniki ya Nyali.
Na Suheil wangu, miaka saba,
aliyejifunza kusoma juzi na sasa husoma chochote,
hata mifuko ya saruji,
akasoma kwa sauti ya chuoni:
U-vi-mbe kwa-pa-ni? U-si-ha-nga-i-ke pe-ke ya-ko.
Akaendelea hadi nambari ya simu.

Mama mkwe, Bi Zena, alikuwa akichambua mchele.
Mkono wake ukasimama juu ya ungo.
Ghalia akasema, lo, watu hawa na matangazo yao,
akacheka peke yake.

Nabhan ana kibanda Usita wa Mui, upana wa mlango.
Hakuniuliza nilitafuta nini. Kwa hilo namwombea.
Akanionyesha: programu ya hali ya hewa
inajua kitanda changu kiko upande gani.
Ya tochi imeomba majina ya jamaa zangu wote.
Tochi! Majina ya nini, na kazi yake ni kuwaka?
Akazima mahali, akafuta vidakuzi,
akaniwekea kivinjari kingine, kisichobeba umbea.
"Lakini hili si buibui, dada," akasema.
"Ni leso tu. Na upepo upo."
Na kilichokwisha kuchukuliwa?
Akapuliza vumbi kwenye kioo cha simu ya mtu mwingine.
"Hicho hakirudi."
Shilingi mia mbili.

Nilipita kichochoroni nikitazama juu, kwenye wikio.
Siku hizi tunaweka humo magodoro yaliyochanika.

Usiku ule pazia likatikisika.
Nyumba ni yake. Pazia kalishona yeye.
"Hodi," akasema.
Nikanyamaza. Nikamsikia akingoja,
pumzi zake za pumu, bangili zimeshikwa zisilie.
"Hodi."
Desturi ni tatu. Asipojibiwa, mgeni hurudi zake,
wala asubuhi haulizwi mtu alikuwa wapi.
Ya tatu aliisema chini, chini sana,
ili nikitaka niweze kudai nililala.

Nikasema karibu.

Akaketi ukingoni mwa kitanda. Hakuuliza kitu.
Nikaushika mkono wake, ule wa mchele,
nikauweka mahali penyewe.